Kukatwa kansa ya ngozi hapa Nairobi: vile unajipanga, siku yenyewe, na zile wiki za baada

Mimi nimekatwa mara tatu, mbili usoni na moja kwa sikio, na nina ualbino kwa hivyo siwezi apa kwamba hiyo ya tatu ndio ya mwisho. Watu huniuliza maswali yaleyale, inauma? kovu litabaki? nitalazwa siku ngapi? Na karibu hakuna anayeuliza ile kitu ya maana, hiyo nyama ikishatolewa inaenda wapi. Nitafika hapo, ju hapo ndio mimi nilichomekea.

Kwanza kama ngozi yako ni nyeusi na ushaanza kusema hii stori ni ya wengine, angalia matatu ijayo. Hii Nairobi Bob Marley amechorwa kwa matatu hadi amekuwa kama mwananchi, na wengi wanaopanda hawajui ni kansa ya ngozi ilimuua. Ilianza chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, madaktari wakaijua 1977, akakataa kukatwa kidole, na 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Hiyo inaitwa melanoma, ndio kali zaidi, na kwa watu weusi inapenda mahali jua hata halifiki: kwa nyayo, kwa viganja, chini ya kucha. Alafu kuna ile inaota kwa kidonda cha miaka mingi ama kovu la moto ambalo halijawahi funga vizuri, liko tu hapo mguuni, linaoshwa, linafungwa, mpaka watu wa nyumba wamelizoea. Kwa sisi wenye ualbino mambo ni jua moja kwa moja, linatupiga uso, masikio, shingo na mikono. Sensa ya 2019 ilituhesabu 9,729 nchi nzima, na wenzangu wa rika langu ninaowajua kila mmoja ana kakidonda kamoja anakachungulia kwa kioo akikaombea kaende.

Hakaendi. Kidonda kikimaliza mwezi hakijapona, ama nundu inatoka damu kila ukijipangusa na taulo, ama doa jeusi linabadilika umbo, ama kuna mstari mweusi kwa ukucha unaendelea kupanuka, enda ikaangaliwe. Usipake chochote kwanza ndio "uone kama itaisha", ju daktari anataka kuiona venye iko.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza nilienda kliniki ndogo ya mtaani, karibu na nyumba, bei poa, jamaa mpole kabisa. Alinidunga ganzi kando ya jicho, akakichoma kile kitu, akakwangua, akatupa kwa ndoo ya taka, akanipea plasta na dawa za siku tano. Nikatoka hapo nikijisifu. Miezi minane baadaye kikarudi palepale, mara mbili ya kile cha kwanza, na hakuna mtu angeweza kuniambia kilikuwa kitu gani ju hakuna maabara iliwahi kukiona. Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja utabeba hapa, beba hiki: nyama yoyote ikitolewa kwa mwili wako na kuna wasiwasi wa kansa, lazima iende maabara, na lazima wewe upate ripoti mkononi. Mtu akikuambia "hii haina haja ya kupimwa", muulize amejuaje.

Kawaida wanaanza na biopsi, yaani wanachukua kipande kidogo wanapima wajue ni kansa gani, ndio wajue watakata kiasi gani. Hii sehemu watu hushtuka ju wanaenda na kitu kama punje ya hindi wanarudi na mshono mrefu wakidhani wameonewa. Hawajaonewa. Daktari hakati uvimbe peke yake, anakata pia ngozi nzima kuuzunguka ndio mizizi isibaki. Kama ni ile ya polepole, besoseli, inayokula hapohapo na ni nadra kusambaa, hiyo nafasi ni kama milimita 4 kila upande. Ile ya skwamasi, ambayo ndio inatusumbua sana sisi wenye ualbino na inaweza kwenda kwa tezi za shingo, inaanzia hapo na inaeza fika hadi sentimita moja ikiwa mbaya. Melanoma ikishasambaa ndani ya ngozi ni sentimita moja hadi mbili, kulingana na imezama kiasi gani. Alafu ili ngozi ifunge ikiwa laini bila kufanya mikunjo kwa ncha, wanakata umbo la jicho, refu kama mara tatu ya upana wake. Hesabu mwenyewe hapo, hakakovu kadogo hakatakuwa.

Pa kwenda: uliza daktari wa ngozi ama wa upasuaji wa plastiki, sio mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pale Upper Hill wako, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa inashughulika sana na kansa, na hospitali kubwa za kibinafsi wako pia kama mfuko unaruhusu. Foleni za serikali ni ndefu, sitakudanganya, lakini ukiwa na ripoti ya biopsi tayari unasukumwa mbele kuliko ukienda na maneno. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali iliingia Oktoba 2024 mahali pa NHIF, hakikisha umejisajili (unaeza anza na *147# kwa simu) na michango imelipwa, alafu kabla ya tarehe uulize ofisi ya malipo pale hospitali kama idhini ya upasuaji imeshaombwa na imejibiwa. Usiulize asubuhi ya kukatwa. Na uliza kama pesa ya maabara iko ndani ama ni bili nyingine, ju mahali pengine unakatwa vizuri alafu unaambiwa hiyo chupa ni wewe unaipeleka na ni wewe unalipa.

Wiki ya kabla, mwambie daktari dawa zote unazotumia, na zote ni zote, hata zile za mitishamba za kwa chupa ya soda. Kama unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, aspirini ama warfarini, usiache mwenyewe, kuna watu waliacha ili wasitoke damu sana wakaishia na stroki. Muulize yeye. Sema kama una kifaa cha moyo, ju ile mashini ya kuchoma mishipa inatumia stima. Sema kama makovu yako huwa yanavimba yakawa keloidi. Ukivuta sigara, hizi wiki chache pumzika, ngozi ya mvutaji hufunga pole pole na hapo hakuna mtu atakubembeleza.

Mambo ya nyumbani nayo hayasemwi hospitalini. Mimi naishi ghorofa ya nne na maji huja Jumanne na Ijumaa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na hiyo hutabeba kama wiki mbili, kwa hivyo jaza kila kitu mapema ama uongee na kijana wa maji. Osha nywele asubuhi hiyo kama wanakata uso ama kichwa. Fua nguo. Vaa shati ya vifungo, sio fulana ya kuvuta kichwani, hii nilijifunza nikiwa na bandeji kama kilemba na dadangu mkubwa ananicheka huku ananikata kola na makasi. Nunua Vaseline mpya, tena ile ndogo, ju ile kopo ya familia imeingizwa vidole vya kila mtu tangu Krismasi. Panadol, bandeji, plasta ya karatasi. Ukidungwa ganzi ya mahali pamoja tu kula kiamsha kinywa kama kawaida isipokuwa wamekukataza, lakini kama utalazwa usingizi watakuambia usile masaa kadhaa, na hapo hata chai ya maziwa ni chakula.

Siku yenyewe ndio rahisi, na sisemi hivyo kukufariji. Unalala, wanachora na kalamu, wanafunika na vitambaa vya kijani, sindano za ganzi zinachoma kama pilipili kwa sekunde chache, alafu kunakufa. Ganzi mara nyingi imechanganywa na adrenalini kupunguza damu, kwa hivyo moyo unaeza kimbia kidogo, usidhani unakufa. Utasikia kuvutwa na kusukumwa, hiyo ni sawa. Maumivu makali si sawa, ukiyasikia sema "daktari, hapo nasikia", anaongeza. Hakuna zawadi ya kuvumilia. Na kitu hawakuambii ni ile harufu wakichoma mishipa, ni kama kichwa cha mbuzi kikibabuliwa kabla ya supu. Mimi nilianza kucheka pale mezani, daktari akasimamisha kisu akaniuliza niko sawa.

Wakimaliza, kabla hujatoka, fanya mambo mawili hata kama unaona aibu. Omba uone ile chupa ya nyama, iko ndani ya maji ya fomalini, na usome jina lako na sehemu iliyokatwa, kama ni sikio la kulia liandikwe la kulia. Pili, uliza nyuzi ni ngapi za nje na zinatolewa tarehe gani, waandike kwa karatasi. Nyuzi za uso hutolewa siku ya 5 hadi 7, kichwani 7 hadi 10, mikono na mgongo siku 10 hadi 14, mguu wiki mbili na hata tatu. Kwa uso usichelewe, zikikaa sana zinaacha alama kama reli. Unaeza zitolea hata kituo cha afya karibu na nyumba, lakini huko wanataka karatasi, na ukiwa unajua zilikuwa tisa utawaambia "sista, bado moja". Mimi niliwahi baki na moja nyuma ya sikio wiki mbili.

Kama shimo ni kubwa haliwezi vutwa likafunga, wanapandikiza ngozi. Yangu ya pili, ile iliyorudi, ilikuwa hivyo: walitoa ngozi juu ya mfupa wa bega karibu na shingo wakashonea kando ya jicho, wakafungia juu yake kifurushi cha pamba kimeshonewa kabisa, kinakaa kama wiki moja bila kuguswa. Usikiguse. Hiyo ngozi inahitaji kutulia ipate mishipa mipya, ikisogea inakufa. Siku ya kufungua itakuwa na rangi ya zambarau, imekunjamana, na utataka kulia. Ndivyo inavyokuwa, ngoja wiki kadhaa. Wakitoa kipande kikubwa kwa paja, jua paja litakuuma kuliko mahali walipokata kansa.

Turudi nyumbani. Ganzi inaisha baada ya masaa machache, meza Panadol kabla haijaisha, sio baada. Mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kila masaa sita, visizidi vinane kwa siku, na uangalie kama dawa yako ya homa haina hiyo hiyo paracetamol ndani. Lala na mito miwili ama mitatu kama ni uso. Na usishtuke kesho yake: mimi walikata kando ya jicho, asubuhi nikaamka jicho limevimba limefunga kabisa, jeusi kama nilipigwa ngumi Jumamosi usiku, kumbe uvimbe unashuka tu chini. Siku ya tatu ndio huwa mbaya zaidi, alafu unaanza kupungua. Usiiname kufua wala kupiga deki.

Bandeji ya kwanza iache masaa 24 hadi 48 vile walikuambia. Baada ya hapo kila siku mara moja: osha mikono na sabuni, toa bandeji, mwagia maji safi na sabuni isiyo kali, usisugue, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, paka Vaseline, funika tena. Hiyo tu. Na hapa ndio vita huanza, ju kila mtu wa ukoo anaamini kidonda lazima "kipigwe na hewa kikauke". Mama alipiga simu kutoka nyumbani akitaka niweke majivu. Jirani akaleta spiriti. Kuna mwenye alisema dawa ya meno. Mama nilimwambia tu, "Mama, daktari alisema Vaseline na nikakubali, nikipona nitakuja na kuku", akanyamaza. Lakini ukweli ni kwamba kidonda cha mshono kikikauka kigaga kinapasuka, ngozi mpya inapita kwa shida chini yake, na spiriti inaua ngozi changa pamoja na wadudu. Kikiwa na unyevu kidogo na kimefunikwa kinafunga haraka na kovu linakuwa laini.

Damu ikitoka, na inaeza toka hasa usiku wa kwanza, kaa wima, weka kitambaa safi, finya kwa nguvu dakika 20 ukiangalia saa. Usichungulie kila dakika, watu wengi wanashindwa hapo, ukichungulia unaanza upya. Haijakoma? Finya tena ukielekea hospitali.

Ubaya wa usaha huja mara nyingi kuanzia siku ya nne hivi. Vitabu husema angalia wekundu, sasa kwa ngozi nyeusi wekundu utauona wapi? Angalia joto kwa mgongo wa mkono, ngozi inayong'aa na kukazana, rangi inayozidi kuwa nyeusi ama zambarau kuzunguka mshono, harufu, majimaji mazito, na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Joto la mwili likifika 38, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Kutoka nje ni kazi yake. Vumbi la barabara zetu unalijua, funika. Boda, kama ni uso ama sikio, ile helmeti ya kila abiria achana nayo wiki mbili, inasugua mshono na haijawahi oshwa, na bila helmeti pia sikutumi, kwa hivyo panda matatu ukae mbali na dirisha. Mtu wa boda wa steji yetu aliniona na bandeji akasema "mzungu, nani amekupiga?" Nikamwambia ni jua. Akaangalia juu.

Sasa ile ripoti. Weka alama kwa kalenda, wiki mbili baada ya kukatwa, na usingoje kupigiwa simu. Ukiipata uliza mambo matatu: ni kansa gani, kingo ziko safi ama kuna kansa imefika ukingoni, na tunafanya nini sasa. Kingo zikiwa safi, vizuri. Zisipokuwa safi utakatwa tena kidogo ama upelekwe kwa matibabu ya miale, na ni afadhali sai kuliko baada ya miezi minane kama mimi. Piga picha ya hiyo ripoti, jitumie kwa WhatsApp, karatasi weka na kitambulisho. Faili za hospitali hupotea, na daktari wa miaka mitano ijayo atataka kujua hiyo kansa ya kwanza ilikuwa gani.

Nyuzi zikitoka kidonda hakijakuwa na nguvu bado, usidanganywe na kuonekana, wiki hizo za kwanza kinaeza achama ukinyanyua jiko la gesi. Hata baada ya mwaka kovu hufika kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Utasikia ganzi kuzunguka hapo, kuwashwa, miezi kadhaa. Baada ya mwezi hivi kanaeza tokea kapele kwa mshono na kauzi ndani, ni nyuzi za kuyeyuka zinasukumwa nje, si kansa imerudi. Kama ukoo wenu ni wa keloidi, kovu likianza kuwa gumu na kuinuka rudi mapema wakudunge, likiwa dogo linasikia dawa. Kukanda polepole na kidole na Vaseline baada ya kufunga vizuri kunasaidia, jeli ya silikoni pia, ila bei yake kaa chini kwanza.

Jua la Nairobi ndio linadanganya watu. Tuko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ukienda juu hiyo miale inazidi kuwa kali hata kama wewe unasikia baridi. Julai na wingu lake na sweta lako, miale inapita tu. Kofia: ukingo mpana wa kuzunguka wote, kepi inaacha masikio na kisogo, na ni sikio ndio nilikatwa mara ya tatu. Gikomba kofia nzuri zinapatikana ukiamka mapema. Losheni ya SPF 30 kwenda juu, mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, kila masaa mawili ukiwa nje, na kwa mshono usiipake hadi ufunge kabisa, hapo kwanza funika tu. Kama una ualbino usinunue kabla ya kuuliza Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wana mpango wa kutupa losheni bure kupitia hospitali, ukishasajiliwa.

Miaka miwili ya kwanza utarudi kuonwa kila miezi mitatu hadi sita, na wanagusa pia tezi za shingo, kwapa ama kinena. Katikati ya hapo jiangalie mwenyewe kila mwezi, nyayo na kati ya vidole pia, na kwa mgongo mtu akupige picha na simu. Kisogo na nyuma ya masikio mimi nimeachia kinyozi wangu. Nilimwambia kitu cha kuangalia, na ile ya sikio ni yeye aliiona kwanza, akazima mashini akasema, "Buda, hapa kuna kitu na mwezi uliopita hakikuwa."